Mbili kwa Mbili Kutoka Kakuma

Sikwenda Kakuma kwa sababu ya antena. Kwa miaka kadhaa nimesema ni antena. Nimemwambia mama yangu hivyo, na dada zangu, na mkuu wangu wa kazi, na hata kasisi aliyeniuliza kwa nia njema kabisa. Nimeitaja antena ile kwa uzito wa mtu anayetaja upasuaji wa moyo. Antena ilikuwa nzima. Ilinyooka baina ya nguzo zake mbili kama kamba ya nguo ya mwanamke nadhifu, na mimi nilijua hivyo kabla sijapanda gari.

Acha nieleze nilifikaje kwenye redio, maana si kazi niliyosomea. Nilisomea fasihi. Tasnifu yangu ya uzamili ilihusu ukimya katika tamthilia, yaani niliandika kurasa nyingi sana kuhusu watu wasiosema kitu. Nikafundisha chuoni Eldoret kwa mikataba ya muda. Mkataba wa mwisho ukaisha, na ndoa yangu ikaisha karibu wakati uleule, kimyakimya, jambo ambalo kitaaluma ningepaswa kulifurahia. Nikarudi Lodwar kwa mama, mtaa wa Kanamkemer, na masanduku ya vitabu ambayo mchwa waliyapokea kwa furaha kuliko majirani walivyonipokea mimi. Shirika moja la misaada lilikuwa linatafuta mtu wa chumba cha redio, mwenye sauti inayoeleweka na subira nyingi. Sauti nilikuwa nayo. Subira niliiandika kwenye barua ya maombi.

Chumba chenyewe kilikuwa kontena lililopakwa rangi nyeupe nyuma ya karakana. Kazi ilikuwa kujua kila gari letu liko wapi kati ya Lodwar na Kakuma, na yale yanayokwenda kaskazini hadi Todonyang, kwa sababu mtandao wa simu katika barabara hizo huja na kuondoka kama jamaa anayeishi mjini. Dereva anaita anapoondoka, anaita anapovuka laga, ule mto mkavu, anaita anapofika. Wakati wake ukipita hajaita, namwita mimi. Asipojibu, watu wanatumwa. Baada ya kuandika kitabu kizima kuhusu uzuri wa ukimya, nikaajiriwa mahali ambapo ukimya ni pancha, au jambo baya kuliko pancha.

Siku ya kwanza mkuu wa usafirishaji, mzaliwa wa Lodwar hapahapa na mpenda mpangilio, alinifundisha mwenyewe.

"Madam, hapa hatuongei kama simu," akasema. "Unafinya hii kitufe, unangoja kidogo, ndio unaongea. Ukimaliza unasema ova, unaachilia. Ukiwa umefinya, wewe unaongea tu, husikii mtu. Ukiachilia, unasikia tu, huongei. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Sasa achilia."

Nilikuwa bado nimekifinya. Nilipoachilia, spika ilikohoa, ikatoa sauti ya dereva mmoja Msomali aliyekuwa njiani, gari namba saba.

"Lima Bezi, hapa Mobaili Saba. Abaayo, hata sisi tumeshika. Ova."

Hivyo ndivyo barabara nzima ilivyonijua. Mimi nilikuwa Lima Bezi, kwa sababu hewani hakuna majina ya watu. Kuna vituo, yaani Bezi, na magari tu. Lodwar ni Lima, Kakuma ni Kilo, na magari yote ni Mobaili na namba zake. Abaayo ni dada kwa Kisomali, na kwa kanuni halikupaswa kutamkwa hewani, lakini dereva yule alikuwa ameendesha magari katika barabara ile tangu enzi za mashimo, na kanuni zilimpisha.

Maneno mengine niliyaokota mojamoja. Roja, kwa mfano, halina maana ya ndiyo. Maana yake ni kwamba nimeupokea ujumbe wako. Unaweza kuupokea wote, mpaka nukta ya mwisho, na usikubaliane nao hata neno. Ningelijua neno hili nilipokuwa nimeolewa, ningeokoa jioni nyingi. Stendbai ni ngoja, usiondoke, nitarudi kwako. Auti ni nimemaliza kabisa na sitarajii jibu, na ajabu ni kwamba watu wa filamu husema ova na auti kwa pamoja, kama mtu anayekukaribisha ndani huku akifunga mlango. Kuna pia kitufe kidogo cha kuzungusha kinachoitwa skwelchi. Hewa ikiwa haina msemaji huvuma kama mchanga unaomwagwa juu ya mabati. Ukizungusha skwelchi, mvumo unakatika, unakaa kimya mpaka mtu aseme. Lakini ukiifunga kupita kiasi, hata wale wenye sauti dhaifu unawafungia nje. Watu wengi ninaowajua wameifunga yao kupita kiasi, nami nikiwemo.

Redio ndogo za mkononi, zile za walinzi, hufika mbali kama macho yanavyofika. Kilima kikikaa katikati, zinahitaji ripita juu yake, mtambo unaoipokea sauti yako na kuirusha upande wa pili. Ile kubwa ya kontenani haikuhitaji kilima. Sauti yake ilipanda, ikagonga tabaka la juu angani, ikarudi chini kama mpira, ikaangukia Kakuma. Ndivyo nilivyoelezwa, na mpaka leo naona ni jambo la kuaminiwa kwa imani tu.

Kila asubuhi nilifanya redio cheki. Unaita kituo, unauliza, "Unanisikiaje?" Jibu ni namba mbili, ya kwanza nguvu ya sauti, ya pili uwazi wake, kila moja kati ya tano. Tano kwa tano ni kana kwamba tumekaa benchi moja. Mbili kwa mbili ni kwamba nakusikia kwa shida, sema polepole, rudia, ikibidi taja herufi mojamoja.

"Kilo Bezi, Kilo Bezi, hapa Lima Bezi. Unanisikiaje? Ova."

"Lima Bezi, hapa Kilo Bezi. Niko nakusikia tano kwa tano, mama. Iko muzuri sana. Ova."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Alikuwa Mkongomani, mkimbizi aliyeishi Kakuma miaka mingi, akiendesha chumba cha redio cha kituo chetu kule kambini. Mimi ambaye niliwahi kuwaonyesha wanafunzi makosa ya ngeli kwa kalamu nyekundu, nilikaa pale nikisikia iko muzuri ikipita bila pasipoti na sikutaka kusahihisha chochote. Kiswahili changu kilikuwa kimepigwa pasi. Chake alikuwa amelala nacho, ameamka nacho, amevuka mipaka nacho. Sauti yenyewe haikuwa nzito, wala haikuwa ya mtangazaji. Ilikuwa haina haraka. Nikisema ova, alisubiri pumzi moja hivi kabla ya kujibu, kama mtu anayehakikisha kwamba mwenzake amemaliza kweli. Mafundi wana jina lao, simpleksi, kwa mtindo huu wa kupokezana njia moja. Mimi naona ni adabu tu. Ni mazungumzo pekee ninayoyajua ambamo mwanamume analazimishwa na umeme anyamaze mpaka nimalize.

Kwa muda tulikuwa tano kwa tano, na cheki yetu iliisha haraka kuliko funda la chai. Kisha namba zikaanza kushuka. Nne kwa tatu. Tatu kwa tatu. Siku moja mbili kwa mbili, na zikakaa hapo.

Mwanzoni nilikasirika. Sauti ndiyo mali niliyokuwa nimebaki nayo. Nikanywa maji ya moto na asali, nikashika maikrofoni karibu, nikaishika mbali, nikahamisha kiti. Nikamwomba dereva wa Mobaili Saba anipime.

"Tano kwa tano, abaayo, unanipasua masikio. Ova."

Kakuma ikaendelea kuwa mbili kwa mbili. Na mbili kwa mbili ina utaratibu wake: unarudia, unatamka neno kwa neno, mwenzako anakurudishia ulichosema ili muhakikishe. Gari la maji linaondoka. Gari, la maji, linaondoka. Nimepata, mama, gari ya maji. Hapana, bado, linaondoka saa tatu. Chai yangu ilikuwa inapoa kabla hatujafika kwenye orodha ya vipuri vya magari.

Asubuhi moja nikafanya jaribio ambalo hakuna kitabu cha redio kinachoelekeza. Nilipunguza nguvu ya kurusha mpaka chini kabisa, nikageukia ukuta, nikasema kwa sauti ya mtu asiyetaka kumwamsha mtoto:

"Kilo Bezi, gari la maji litachelewa, na mama yangu leo anapika maharagwe. Ova."

Pumzi moja.

"Lima Bezi, niko nakusikia mbili kwa mbili, tena leo ni mubaya sana. Gari ya maji itachelewa, nimepata. Na mama asalimiwe, asiweke chumvi mingi kwa maharagwe. Ova."

Nilikifinya kitufe nikakiachilia bila kusema kitu. Niliangalia ukuta. Mtu anayekusikia mbili kwa mbili hasikii maharagwe. Nilikifinya tena.

"Kilo Bezi, nami nimekupata vibaya. Rudia yote. Ova."

Akarudia yote, pamoja na chumvi.

Kuanzia hapo nilikuwa nashiriki, na sitajisafisha. Sasa naona vizuri kwamba hatukuwa na haki ya kuchezea namba zile. Kuna watu wanaendesha magari wakizitegemea. Hakuna ujumbe wa gari hata mmoja uliopotea, kwa sababu tulivyokuwa tunarudia kila kitu, magari yetu hayajawahi kufuatiliwa kwa makini namna ile. Lakini huo ni utetezi wa mwizi aliyefagia nyumba.

Hatukuzungumza siri. Tusingeweza, chaneli ni ya wote. Tulizungumza hali ya barabara, upepo, vumbi, maji ya laga, na ndani ya hayo yakapita mengine. Nilijua alikuwa na kuku mmoja mwenye kiburi. Alijua kwamba paka wa karakana alizaa juu ya kitabu changu cha nadharia. Wengine walijua pia.

"Lima Bezi, hapa Mobaili Saba," alisema dereva siku moja. "Niko hapa kwa laga, katikati yenu, na ninawasikia wote wawili tano kwa tano. Mnataka niwapelekee ujumbe? Ova."

"Mobaili Saba, acha chaneli wazi kwa wenye kazi. Ova."

"Roja, abaayo. Kazi iendelee."

Tatizo ni kwamba namba zile nilizipeleka kwa mkuu kila wiki, kama nilivyotakiwa. Nairobi walikuwa wanapunguza vituo vya redio na kuleta simu za setilaiti. Siku moja mkuu aliingia kontenani, akakaa juu ya meza, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Madam, Nairobi wanauliza hii Kakuma yetu iko hai ama imekufa."

"Iko hai."

"Mbili kwa mbili si hai. Sasa fundi ataenda aangalie. Akipata kifaa ndio mbaya, tunatengeneza, stesheni inabaki. Akipata kifaa ni kizima na bado hamsikizani, hiyo stesheni ni ya kufunga. Yule mzee tutampeleka bohari akahesabu magunia." Akanitazama. "Na wewe uende na fundi. Wewe ndio unajua vile inasikika."

Mtu mwadilifu angemwambia pale pale kwamba hakuna haja ya safari. Mimi nilisema ni muhimu niende.

Nyumbani nikaosha nywele, nikatoa gauni la kitenge ambalo sikuwa nimelivaa tangu Eldoret. Mama yangu alikuwa anachambua mchele.

"Unaenda kupanda nguzo na hiyo nguo?"

"Ni antena, Mama."

"Mm. Hiyo antena ina miaka mingapi?"

Nikalikunja gauni. Nilikuwa nawaza jambo moja tu. Chumba cha Kakuma kikifungwa, mimi na mtu yule hatutakuwa na sababu ya kusemezana. Tangu mwanzo hatukuwahi kusema neno lisilo na sababu; hata maharagwe yalipanda gari la maji. Sababu hiyo ikiondolewa, sikujua kama kutabaki kitu, na sikujua kama yupo kati yetu mwenye moyo wa kuangalia.

Alituendesha dereva wa Mobaili Saba. Aliponiona akafungua mlango kwa heshima zote.

"Abaayo, leo umevaa tano kwa tano."

Fundi wetu wa redio alicheka mpaka akagonga kichwa. Alikuwa mwanamke wa Kiturkana mwenye mabega ya kupanda minara na ulimi wa kuwateremsha walio juu, na safari nzima hakuniuliza swali hata moja, jambo lililonitia wasiwasi.

Kakuma, Kilo Bezi mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Nywele zilikuwa zimeanza mvi, shati limepigwa pasi mpaka mistari ya mikono ingeweza kukata mkate. Akasema, "Karibu, mama," na mimi nikasema asante, kisha tukasimama. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake amalize, na hakuna aliyekuwa ameanza.

"Ejok!" fundi akasalimu, akipita katikati yetu na mkoba wake.

"Ejoknoi," mwenyeji wetu akamjibu, kwa Kiturkana safi kuliko changu kilichochakaa kwa miaka ya chuo.

Fundi akafanya kazi yake sawasawa. Alipanda nguzo, akakagua waya, akafungua viungo vya kebo, akapima betri, akaunganisha mita yake na kuitazama sindano kwa muda mrefu. Sisi tulikaa kwenye benchi tukimwangalia kama wazazi nje ya chumba cha daktari. Mwishowe alijifuta mikono.

"Nguzo nzima, waya nzima, betri nzima," akasema. "Hii redio inaweza kuongea na Mungu. Nani alisema ni mbili kwa mbili?"

Mwenye chumba akainua mkono. "Ni mimi."

"Masikio yako iko sawa?"

"Iko sawa."

"Basi?"

Aliangalia mikono yake. "Fundi," akasema, "tano kwa tano inaisha haraka."

Dereva aliyekuwa amejiegemeza mlangoni alitoka nje, na tukamsikia akicheka peke yake kando ya gari. Fundi hakucheka. Alikaa juu ya kisanduku cha vifaa, akamtazama yule mtu kama alivyoitazama mita.

"Una bibi?"

"Alikufa njiani, wakati tulikuwa nakuja huku. Miaka ni mingi sasa."

"Pole sana." Akanigeukia, ijapokuwa alinijua tangu utoto. "Na wewe?"

"Sina bibi," nikasema.

Hapo ndipo alipocheka, nasi tukacheka, na chai ikaletwa. Kuku alikuja kukagua viatu vyangu. Tulizungumza kuhusu bei ya kuni na shule za kambini, mazungumzo ambayo mtu yeyote angeweza kuyasikia, na nikagundua kwamba nilikuwa nimesafiri njia yote hiyo kuja kusema yaleyale. Aliniambia kwamba hajawahi kufika Lodwar. Kutoka kambini anahitaji kibali, na kibali huuliza unakwenda kufanya nini. "Sina kazi Lodwar," akasema, na tukaliacha hapo.

Jioni ikikaribia tulianza kurudi. Tulipovuka laga, fundi akasema bila kugeuka:

"Mimi nitaandika chenye nimeona. Kifaa ni kizima. Siwezi andika waya imekatika na haijakatika. Lakini mita yangu haipimi masikio ya mtu. Hiyo ni yako."

Kesho yake mkuu aliningoja kontenani.

"Kifaa ni kizima," akasema. "Na bado ni mbili kwa mbili. Sasa shida iko wapi? Wewe ndio unaongea naye kila siku."

Nilikuwa nimekesha na swali hilo. Nikisema kweli, huenda kituo kikabaki, lakini yeye asingebaki ndani yake. Mtu anayetoa ripoti za uongo kwenye chaneli ya magari haketi tena mbele ya maikrofoni, na ni haki asikae. Mimi ningepewa barua ya onyo na kurudi kwa mama yangu. Yeye angeondolewa kazini, na kambini kazi ya pili haipatikani kwa kuandika barua yenye neno subira. Nikinyamaza, kituo kinafungwa, sauti inakatika, naye anakwenda bohari na mshahara wake mdogo uko palepale. Nilipima na kupima. Nilitamani sana kupata njia ya tatu, na sikuipata.

"Ni jua," nikasema.

"Jua?"

"Masafa haya yanategemea tabaka la juu angani. Jua likichafuka, tabaka linabadilika, na sauti inayorudi chini inakuwa dhaifu. Sehemu nyingine inaweza kuwa nzuri, sehemu nyingine mbaya. Kifaa hakiwezi kurekebisha."

Kila sentensi peke yake ilikuwa kweli. Nilizipanga kama nilivyokuwa nikizipanga mbele ya ukumbi wa wanafunzi wenye usingizi, kwa mikono na kwa vituo. Mkuu aliitikia kwa kichwa. Elimu yangu, ambayo haijawahi kunisaidia kwa jambo lolote Lodwar, siku hiyo ilifunga kituo cha redio.

"Kumbe," akasema. "Basi hiyo ni ya Mungu."

Siku ya mwisho ya Kakuma niliita kama kawaida. Nilimwuliza ananisikiaje.

"Lima Bezi, leo niko nakusikia tano kwa tano, mama. Ova."

"Roja, Kilo Bezi. Nami nakusikia tano kwa tano. Ova."

Tulisoma magari. Tulisoma vipuri. Hakuna aliyerudia kitu. Nilijua kwamba barabara nzima ilikuwa inasikiliza, na nilingoja mzaha wa Mobaili Saba, lakini kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu dereva yule hakufinya kitufe. Kisha sauti ikasema kwamba Kilo Bezi anafunga, asante kwa kazi. Auti.

Asubuhi iliyofuata niliruka jina lake katika cheki, na nyingine, na nyingine. Namba yake ya simu ilikuwa ukutani mbele yangu, katika karatasi ya dharura, na yangu ilikuwa ukutani kwake. Hatujawahi kuzitumia, kwa kuwa hakukuwahi kuwa na dharura. Kila siku nilitunga kisingizio. Kwamba kuna maikrofoni ya akiba haijarudishwa. Kwamba mkuu anaulizia funguo. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu na shahada mbili, na nilikuwa natafuta sababu ya kumpigia mtu simu kama mwanafunzi aliyechelewa kwenye paredi. Visingizio vyote vilikuwa vizuri. Ndiyo maana sikuvitumia. Nikimpigia kwa sababu ya maikrofoni, atanijibu kuhusu maikrofoni, na tutakuwa palepale tulipokuwa, ila bila redio.

Alasiri moja nilikuwa sokoni Lodwar, nimeinama juu ya samaki wakavu wa ziwani nikibishana na mwenye samaki kuhusu ukubwa wao, simu ikalia.

"Haloo?"

"Mama."

Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti ile kwa simu, bila mvumo wa hewa nyuma yake. Ilikuwa karibu mno, kama mtu aliyeingia bila kubisha. Nikasimama wima.

"Kuna shida?" nikauliza.

"Hapana. Hakuna shida."

"Gari limekwama?"

"Mimi niko bohari sasa. Magari haiko yangu tena."

"Kuna kitu unahitaji kutoka ofisini? Niseme na mkuu?"

"Hapana, mama. Ofisini sihitaji kitu."

"Basi?"

Nilimsikia akivuta pumzi.

"Basi nimepiga tu."

Mwenye samaki alinitazama usoni, akamwacha samaki aliyekuwa amemshika. Kisha tulianza kusema wote kwa wakati mmoja, tukaacha, tukaanza tena pamoja. Akasema sema wewe, nikasema hapana, wewe.

"Mama, unanunua ama unaongea?" mwenye samaki akauliza. "Hawa wangu watakauka mara ya pili."

Nilimpa ishara angoje, nikasogea penye kivuli cha kibanda.

"Jumamosi bohari inafunga," akasema. "Nitapika sombe. Kama ile majani ya muhogo inakupendeza, kuja."

"Getini wataniuliza nimekuja kufanya nini," nikasema. "Siwezi kuwaambia nimekuja kikazi."

"Ubaambie unakuja kuniona."

Alisema vile kwa sauti yake ileile isiyo na haraka, na kisha hakuongeza kitu. Nilingoja sababu ifuate. Haikufuata.

"Nitawaambia," nikasema.